Walioipenda Ngoma, Wakamvizia Jirani

Mwezi Aprili 1969 wimbo "Israelites" wa Mjamaika Desmond Dekker ulishika namba moja kwenye chati za Uingereza. Ulikuwa wimbo wa rege, umeimbwa kwa lafudhi ya Kingston ambayo Waingereza wengi hawakuelewa maneno yake, na miongoni mwa waliougombania madukani walikuwemo vijana wa kizungu wa mitaa ya wafanyakazi: nywele zimenyolewa fupi kabisa, jinzi imekunjwa juu ya kifundo cha mguu, mabuti yanang'aa. Hao ndio walioitwa maskinhedi. Aprili iliyofuata, mwaka 1970, Mpakistani mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa jikoni, Tosir Ali, alichomwa kisu na vijana wa kizungu mashariki ya London akirudi nyumbani kutoka kazini usiku. Alikufa. Majuma hayo magazeti yalijaa habari za maskinhedi waliokuwa wakiwavizia Waasia vituoni na vichochoroni, na wenyewe walikuwa na jina la mchezo huo, jina la matusi lisilostahili kuandikwa hapa.

Mtu anayetaka kuwaelewa maskinhedi hukutana na hadithi mbili. Ya kwanza ni ya magazeti: kipara, buti, swastika, skinhedi ni Mnazi, basi. Ya pili husimuliwa na wapenzi wa utamaduni huo, ambao huuita moyo wake roho ya 69. Wao husema kwamba mwanzoni watoto wa kizungu na watoto wa Kijamaika walicheza ngoma moja katika ukumbi mmoja, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 chama cha kibaguzi cha National Front kilipokuja kuwaibia vazi lao. Filamu maarufu ya Shane Meadows, This Is England ya mwaka 2006, imejengwa juu ya hadithi hii ya pili. Ina ushahidi mwingi kuliko ya kwanza, na mimi mwenyewe ningeichagua kama ningelazimishwa kuchagua. Lakini inamruka Tosir Ali. Yeye aliuawa miaka mingi kabla ya wizi huo wa vazi, katika siku zile zile zinazosifiwa kuwa za dhahabu. Swali gumu kuhusu maskinhedi ni hili: iliwezekanaje kijana yule yule acheze rege Jumamosi jioni, kisha usiku ampige Mhindi?

Chimbuko lao ni mamodi, vijana watanashati wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliopenda suti za Kitaliano, pikipiki za skuta na muziki wa Wamarekani weusi. Kufikia mwaka 1967 kundi hilo lilipasuka. Wenye fedha kiasi na elimu ya vyuo vya sanaa walifuga nywele wakaingia kwenye uhipi. Waliobaki, watoto wa makuli, wapakiaji mizigo na mafundi wa viwandani, walifanya kinyume kwa makusudi: nywele zikapungua, viatu vikawa vizito, na maua ya kihipi wakawaachia wenyewe. Wakati huo huo mitaa yao ilikuwa na majirani wapya. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury mwaka 1948 ikiwa na mamia ya watu kutoka Karibi, na miaka ishirini baadaye watoto wa wahamiaji hao walikuwa wakisoma shule moja na Wazungu wa Brixton na mashariki ya London. Walikuja na mtindo wa vijana wakorofi wa Kingston, marudeboi: suruali fupi inayoonyesha soksi, kofia ndogo, mwendo wa kujivuna. Walikuja pia na ska, rocksteady, kisha rege.

Muziki huo ulikuwa na biashara nyuma yake. Lebo ya Blue Beat ilianza London mwaka 1960, na mwaka 1968 ikaja Trojan, iliyopewa jina la lori la mizigo ambalo mtayarishaji wa muziki Duke Reid alilitumia kubebea mitambo yake ya muziki huko Jamaika. Redio ya taifa ilikuwa ikiipiga rege kwa nadra, kwa hiyo wateja walipatikana kwenye kumbi na kwenye vibanda vya sokoni, na maskinhedi wakawa wateja waaminifu kuliko wote. Wanamuziki waliliona hilo. Symarip, bendi ya watu weusi waliokuwa wakiishi Uingereza, walirekodi "Skinhead Moonstomp" ili kuwasifu wazi wazi vijana hao wa kizungu. Laurel Aitken, mzaliwa wa Kuba aliyekulia Jamaika, aliwapigia muziki miaka mingi. Kwa hiyo mapenzi hayo hayakuwa ya kuigiza. Pesa ilitoka mfukoni mwa kijana wa kizungu ikaingia kwa msanii mweusi, na wakati mwingine walichangia hata meza ya baa.

Mavazi yao yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo siasa ilipokuja kupigania baadaye. Chukua buti. Tarehe 1 Aprili 1960 kiwanda cha familia ya Griggs huko Wollaston, Northamptonshire, kilitoa buti la kwanza la Dr. Martens: matundu manane ya kamba, ngozi nyekundu iliyoiva, soli yenye hewa ndani. Soli hiyo ilibuniwa na daktari wa jeshi la Ujerumani, Klaus Märtens, aliyeumia kifundo cha mguu akiteleza kwenye theluji mwaka 1945. Jozi iliuzwa pauni mbili, na wanunuzi wa kwanza walikuwa matarishi wa posta na watu wa viwandani. Kijana wa mwaka 1969 alipolivaa buti hilo, lilikuwa kiatu cha kazi cha baba yake, ila sasa limepigwa rangi likang'aa na kupelekwa uwanjani kutazama mpira. Polisi wa viwanjani walijua kazi yake nyingine. Walikuwa wakiwaamuru vijana wavue kamba kabla ya kuingia, maana buti lisilo na kamba haliwezi kupiga teke wala kukimbia.

Shati lilikuwa la Ben Sherman, lenye vifungo kwenye kola. Aliyelibuni alizaliwa Brighton kwa jina la Arthur Sugarman, katika familia ya Kiyahudi. Shati jingine, la pamba lenye taji la majani kifuani, lilikuwa la Fred Perry, bingwa wa tenisi aliyetwaa Wimbledon mara tatu mfululizo, 1934 mpaka 1936. Baba yake alikuwa mbunge wa chama cha wafanyakazi cha Labour, na wenye klabu za kitajiri za tenisi hawakuwahi kumpenda mtoto huyo wa mfanyakazi. Ongeza suspenda nyembamba, jaketi fupi la Harrington, na kwa siku ya kutoka, koti la Crombie au suti ya kitambaa kinachobadilika rangi kwenye mwanga. Wasichana walikata nywele juu wakaacha vishungi mbele na pembeni. Hakuna hata kipande kimoja cha vazi hilo kilichobuniwa kwa ajili ya ubaguzi. Atakayefikiwa leo na shati lile kutoka kwenye mitumba ya Gikomba au Karume ataona shati zuri tu, na atakuwa sahihi.

Wasomi wa Kituo cha Masomo ya Utamaduni wa Kisasa cha Birmingham, kilichokuwa kikiongozwa na Stuart Hall, yeye mwenyewe mzaliwa wa Kingston, ndio walioandika maelezo yanayonukuliwa mpaka leo. John Clarke, akifuata hoja ambayo Phil Cohen aliitoa mwaka 1972, alisema kwamba skinhedi alikuwa akijaribu kuirudisha kwa mavazi jumuiya iliyokwisha kuvunjwa kwa matofali. Mashariki ya London nyumba za zamani zilibomolewa, familia zikatawanywa kwenye maghorofa ambako hakuna kibaraza wala baa ya kona. Gati nazo zikafungwa moja baada ya nyingine: East India mwaka 1967, St Katharine 1968. Baba aliyekuwa na heshima kwa sababu ya kazi ngumu akabaki na hadithi za kazi ngumu. Mtoto akachukua sura ya mfanyakazi ile iliyotiwa chumvi: buti kubwa kuliko lazima, kichwa kitupu kuliko lazima, ngumi iliyo tayari kuliko lazima.

Maelezo haya naona yana uzito, ila yanaeleza kwa nini kijana alikasirika. Hayaelezi kwa nini hasira ilikwenda kwa Mhindi ikamruka Mjamaika. Na hapa Afrika Mashariki inaingia kwenye kisa kwa mlango wa mbele.

Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana Waasia wasiochukua uraia. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, wakaanza kupanda ndege. London ilishtuka. Serikali ya Harold Wilson, ya chama cha wafanyakazi, ilipitisha kwa muda wa siku tatu sheria ya mwaka 1968 iliyowafungia mlango watu wenye pasipoti zake yenyewe, isipokuwa waliokuwa na mzazi au babu mwenye asili ya Uingereza. Kwa lugha nyepesi, Wazungu. Wiki chache baadaye, tarehe 20 Aprili, mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake Birmingham dhidi ya uhamiaji, akitabiri damu. Siku tatu mbele, makuli wa bandari ya London, hao hao waliokuwa wakipoteza gati zao, waliandamana mpaka bungeni kumuunga mkono. Vijana waliokuwa wakinyoa vichwa mwaka huo walikuwa watoto wao. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na takriban 28,000 wakaingia Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus la Kampala, ikiwashauri wasifikirie kwenda huko kwa sababu nyumba na shule zimejaa. Wengi walikwenda hata hivyo. Wengine waliteremka Heathrow wakaishia Southall, kilomita chache tu kutoka uwanjani, wakazungumza Kigujarati au Kipunjabi nyumbani na Kiswahili walipotaka watoto wasielewe.

Kwa skinhedi, Mjamaika na Mhindi hawakuwa wahamiaji wa aina moja. Mjamaika alizungumza Kiingereza, alikunywa bia, alicheza mpira, alikuwa na mavazi ya kuigwa, na akichokozwa alirudisha. Uanaume wake ulisomeka. Mhindi alionekana amejifungia: familia, duka, hekalu au msikiti, chakula chenye harufu ngeni, na watoto waliorudi nyumbani mapema. Hakutoa chochote ambacho kijana yule alitaka kukivaa au kukicheza. Zaidi ya hayo alidhaniwa hatapigana, na wahuni wa kila nchi wanajua kumchagua wa kumpiga. Watafiti wa wakati ule waliandika jambo ambalo wapenzi wa roho ya 69 hawalipendi kulisikia: katika baadhi ya mashambulizi hayo vijana weusi walikuwa bega kwa bega na maskinhedi wa kizungu. Kwa hiyo urafiki wa ukumbini ulikuwa wa kweli, na ulikuwa pia mwembamba. Uliwaunganisha vijana waliotambuana katika mtindo wa ubabe. Haukuwafundisha chochote kuhusu mtu asiye na mtindo huo.

Hata urafiki wenyewe haukudumu. Kufikia mwaka 1972 rege ilikuwa imegeukia Afrika, Urastafari na fahari ya weusi, na kijana wa kizungu akahisi wimbo umeacha kumwimbia. Wimbi la kwanza likatawanyika. Wengine walifuga nywele kidogo wakaoa.

Wimbi la pili lilikuja na muziki wa panki, kati ya 1977 na 1978, na hili ndilo ambalo dunia inalikumbuka. Safari hii nywele zilinyolewa kwa wembe, mabuti yakapanda mpaka magotini, na chale za usoni zikaanza kuonekana. Kazi zilikuwa zinakauka: Januari 1982 waliosajiliwa kuwa hawana ajira Uingereza walivuka milioni tatu. National Front, iliyoundwa mwaka 1967, iliweka wagombea 303 kwenye uchaguzi wa Mei 1979 na haikuambulia hata kiti kimoja. Chama kilichoshindwa kwenye sanduku la kura kikapeleka macho mahali pengine, kwenye viwanja vya mpira na kumbi za muziki, ambako kulikuwa na vijana wengi wenye hasira na wasio na kiongozi. Bendi ya Sham 69 ilijikuta inavamiwa na mashabiki wake wenyewe wakipiga saluti za Kinazi. Mwimbaji Jimmy Pursey alijitokeza jukwaani na The Clash katika tamasha la kupinga ubaguzi la Rock Against Racism huko Victoria Park, Aprili 1978, ili kuonyesha msimamo wake, na baadaye maonyesho yake yakavunjwa kwa ngumi. Katika tamasha lile lile aliimba Poly Styrene, binti wa baba Msomali, kiongozi wa X-Ray Spex.

Jibu zuri kuliko yote lilitoka Coventry, mji wa viwanda vya magari. Jerry Dammers alianzisha lebo ya 2 Tone mwaka 1979 na bendi ya The Specials, weusi na weupe jukwaa moja, wakiifufua ska ya miaka kumi na mitano nyuma kwa kasi ya panki. The Selecter walikuwa na Pauline Black, mwanamke mwenye asili ya Nigeria aliyevaa suti na kofia ya rudeboi. Alama ya lebo, mtu wa suti nyeusi na shati jeupe, ilichorwa kutokana na picha ya zamani ya mwanamuziki wa rege Peter Tosh. Mashabiki wao wengi walikuwa maskinhedi, na si wote waliokuja kwa nia njema. Wapo waliocheza ska nzima kisha wakapiga kelele za kibaguzi bendi ikipumzika. Hilo lilikuwa lile fumbo la mwaka 1969 limerudi, sasa likiwa na chama cha siasa nyuma yake. Angalau Dammers na wenzake hawakujidanganya. Kijana wa Kiasia, Satnam Gill, alipouawa katikati ya Coventry Aprili 1981, The Specials walipiga tamasha la kupinga ubaguzi mjini humo.

Kando ya 2 Tone palikuwa na Oi!, panki ya mitaani isiyo na madoido, iliyopigiwa debe na mwandishi Garry Bushell wa jarida la Sounds. Cockney Rejects waliimba kuhusu West Ham na ngumi. Angelic Upstarts walikuwa watu wa mrengo wa kushoto. Kuiita Oi! yote muziki wa Kinazi ni uvivu. Lakini watu wake walikuwa wazembe kupindukia. Mwaka 1981 walitoa mkusanyiko uitwao Strength Thru Oi!, jina linalochezea kaulimbiu ya Kinazi, na jaladani wakaweka picha ya Nicky Crane, mtu wa kundi la Kinazi la British Movement aliyekuwa ameshahukumiwa kwa kuwashambulia watu weusi. Waliohusika walisema hawakujua. Inawezekana. Ila mtu anayesema kila mara kwamba siasa haimhusu ndiye anayechelewa kuitambua ikiwa imekaa kwenye jalada lake.

Usiku wa tarehe 3 Julai 1981 uzembe huo ulilipiwa. The 4-Skins, The Business na The Last Resort walipanga onyesho katika baa ya Hambrough Tavern, Southall. Fikiria mahali penyewe. Mwaka 1976 kijana Gurdip Singh Chaggar aliuawa katika mtaa huo. Mwaka 1979 mwalimu Blair Peach alipoteza maisha baada ya kupigwa na polisi katika maandamano dhidi ya mkutano wa National Front hapo hapo. Sasa mabasi ya maskinhedi kutoka mashariki ya London yanateremsha watu kwenye barabara yenye maduka ya Waasia. Baadhi yao wakavunja vioo, wakaandika ukutani herufi za chama, wakamvuruga mwanamke dukani. Wale vijana wa Kiasia waliodhaniwa hawapigani walikuwa na chama chao tangu mauaji ya Chaggar, na walitoka kwa mamia. Polisi walijipanga kati yao na baa. Chupa za petroli zikaruka, bendi zikatoka kwa mlango wa nyuma, na Hambrough Tavern ikaungua mpaka ikabaki kuta. Juma lililofuata miji mingi ya Uingereza iliwaka kwa sababu zake yenyewe, na namba moja kwenye chati ilikuwa "Ghost Town" ya The Specials.

Hapa napenda kumtaja mtu asiyetajwa katika vitabu vya maskinhedi. Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanganyika kabla ya kuhamia London, aliongoza mgomo wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick kuanzia Agosti 1976. Wagomaji wengi walikuwa wanawake wa Kiasia waliotoka Afrika Mashariki, wafupi, wenye sari, wakisimama getini kwenye baridi. Julai 1977 makuli wa bandari ya London walifika kwenye mstari wao wa mgomo na bendera ya chama chao. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu maandamano ya kumuunga mkono Powell. Mgomo ulishindwa mwaka 1978, lakini ulibomoa wazo lililobebwa na kila skinhedi mbaguzi, kwamba mfanyakazi maana yake ni Mzungu. Waliovaa mabuti ya kazi kama pambo walikuwa wakiwapiga watu waliokuwa kazini kweli.

Aliyelipa vazi hili sura yake ya Kinazi kuliko mwingine yeyote ni Ian Stuart Donaldson wa Lancashire. Bendi yake Skrewdriver, ya mwaka 1976, ilianza kama panki ya kawaida. Alipoiunda upya alijitangaza waziwazi, na mwaka 1983 wimbo wake wa kuwatukuza Wazungu ukatolewa na lebo ya National Front. Mwaka 1987 alianzisha mtandao wa Blood & Honour. Ubunifu wake haukuwa wa muziki, maana muziki wenyewe ni wa kawaida sana. Alichokigundua ni njia ya usambazaji: kanda na majarida ya kuagiza kwa posta, maonyesho ambayo mahali pake palitajwa saa chache kabla, lebo za Ujerumani na Marekani za kuchapisha sahani ambazo duka la kawaida lingezikataa. Kijana wa miaka kumi na sita hatasoma kijitabu cha chama. Kanda ataisikiliza mara mia. Donaldson alikufa kwa ajali ya gari Septemba 1993, mtandao ukabaki.

Mtindo huo wa Kinazi ulipofika nje ya Uingereza, uliua. Novemba 1988 mwanafunzi Mwethiopia, Mulugeta Seraw, alipigwa rungu la besiboli kichwani na maskinhedi mjini Portland, Oregon. Familia yake, ikisaidiwa na shirika la Southern Poverty Law Center, ilimshtaki kiongozi wa wabaguzi Tom Metzger wa California kwa kuwachochea wauaji, na mwaka 1990 baraza la wazee wa mahakama lilitoa hukumu ya fidia ya dola milioni 12.5, iliyomfilisi. Ujerumani, baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, wafanyakazi wa Msumbiji na Angola waliokuwa wameletwa na serikali ya mashariki kwa mikataba ndio waliokutana na mabuti. Mwangola Amadeu Antonio alipigwa Eberswalde mwezi Novemba 1990 akafa Desemba; mwaka uliofuata hosteli za Wasumbiji na Wavietnamu huko Hoyerswerda zilizingirwa siku kadhaa huku majirani wakipiga makofi. Alberto Adriano, Msumbiji mwenye mke na watoto, aliuawa Dessau mwaka 2000.

Kwa familia za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala zilizokuwa na mtoto anayesoma Urusi miaka ya 2000, neno skinhedi halikuwa habari ya muziki hata kidogo. Moscow, Voronezh na St Petersburg zilikuwa na magenge yaliyoiga vazi kutoka kwenye picha za magharibi bila kuipitia rege wala gati za London. Kila ilipokaribia tarehe 20 Aprili, siku ya kuzaliwa Hitler, wanafunzi wa Kiafrika walionywa wakae hosteli. Aprili 2006 Msenegali Samba Lampsar alipigwa risasi akitoka klabuni St Petersburg. Magenge yalipungua baada ya mwaka 2009, polisi walipoanza kuwafunga viongozi wake kwa miaka mingi.

Wenye vazi lao hawakunyamaza. Mwaka 1987 maskinhedi wa New York waliunda SHARP, yaani maskinhedi wanaopinga ubaguzi wa rangi, na Roddy Moreno wa bendi ya The Oppressed ya Cardiff akaipeleka Ulaya. Nembo yake ni kofia ya chuma ya lebo ya Trojan. Vita vikahamia kwenye vitu vidogo. Kamba nyeupe za viatu zikasomwa kuwa ubaguzi. Nyekundu zikawa za Wanazi mji huu na za mrengo wa kushoto mji ule, hivyo mtu aliweza kupigwa kwa kukosea treni. Wanazi wa Ujerumani walipenda nguo za ndondi za Lonsdale kwa sababu jaketi likifunguliwa nusu hubakiza herufi NSDA, pungufu ya moja tu kupata jina la chama cha Hitler. Lonsdale ikajibu kwa kuacha kuuza kwenye maduka yao na kufadhili kampeni dhidi ya ubaguzi. Wanazi nao wakatengeneza nguo zao wenyewe, Consdaple, ili wapate na ile herufi ya mwisho. Nicky Crane wa lile jalada alijitokeza kwenye televisheni mwaka 1992 akasema yeye ni shoga na ameachana na Unazi. Mwaka uliofuata alikufa kwa UKIMWI.

Siku hizi mbaguzi hodari hanyoi. Wakuu wa mrengo mkali wa kulia Ulaya wanavaa suti, na vijana wao nguo za michezo. Proud Boys wa Marekani walipolifanya shati jeusi lenye mistari ya njano la Fred Perry kuwa sare, kampuni ilisitisha kuliuza Marekani na Kanada, ikatangaza hivyo Septemba 2020. Thor Steinar, nguo zilizopendwa na Wanazi mamboleo wa Ujerumani, zilinunuliwa na mfanyabiashara wa Dubai, na wateja wake wakakasirika kugundua kwamba hela zao zinakwenda kwa Mwarabu. Maskinhedi wenyewe bado wapo kwa maelfu, na kundi mojawapo kubwa liko Malaysia, ambako vijana wa Kimalay wanakesha na ska na Oi! bila Mzungu hata mmoja ukumbini. Wengi wao wanacheza tu. Wachache wana bendi za utukufu wa Wamalay, kipara na buti vile vile, wakiimba dhidi ya wahamiaji waliokuja kufanya kazi za viwandani Kuala Lumpur.